Mbona Tuwe Wapangaji Katika Kompyuta Zetu Wenyewe?

MWEZI wa Oktoba mwaka 2025 kompyuta nyingi zilihukumiwa kifo hali hazina kosa. Hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa zikiwaka asubuhi kama kawaida, zikiandika barua, zikifungua intaneti, zikipiga hesabu za duka na kuchapisha karatasi za mitihani ya shule. Lakini tarehe 14 ya mwezi huo kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza mfumo wake wa Windows 10, ikawataka wenye mashine wahamie Windows 11. Waliotaka kubaki walipewa njia ya kuongezewa mwaka mmoja tu.

Taabu ni kwamba Windows 11 haikubali kukaa katika kila mashine. Yataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0, na kwa upande wa prosesa za Intel yataka za kizazi cha nane kwenda mbele, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Nasi wanunuzi wa laptopu za mtumba, zile zilizokwisha kutumikia maofisi ya ng'ambo kabla ya kupangwa rafuni kwetu, twajua kwamba nyingi ni za kizazi cha nne, cha tano na cha sita.

Mimi ninayo moja ya namna hiyo. Niliipeleka kwa fundi wangu wa siku zote, kijana mwenye adabu na mikono myepesi. Akaigeuza chini juu, akaangalia kibandiko chake, akasema, "Mzee, hii imezeeka. Naweza kuilazimisha kwa njia za mkato, lakini siwezi kukuahidi kitu. Bora nikutafutie ingine."

Nikamwuliza, "Imezeeka wapi, kijana wangu? Yawaka, yaandika, na betri yashika saa mbili."

Akacheka. "Kompyuta si ng'ombe, mzee, kwamba utaitazama meno."

Jibu lile lilinichoma, wala si kwa sababu ya bei ya laptopu nyingine peke yake. Hebu fikiri, msomaji. Mtu akuuzie jembe, kisha baada ya miaka kumi aje shambani kwako na kukuambia kwamba jembe lile halilimi tena, ilhali umelishika mkononi na udongo wapinduka. Utamwitaje mtu huyo?

Makala haya nayaandika kwa laptopu ile ile aliyoihukumu fundi. Haina Windows ya aina yoyote. Ina Linux. Nami nataka kusema waziwazi, nikijua kwamba wengi watanipinga, kwamba mtu wa kawaida, mwalimu, karani, mwenye duka, mwanafunzi, mwandishi, anaweza kuhamia Linux na akaishi humo kila siku. Na kwamba kinachotuzuia kwa sehemu kubwa si ugumu bali ni mazoea. Tena nataka kusema kwamba katika kuchelewa kwetu tumepoteza kitu ambacho ukurasa huu wa utamaduni unapaswa kukililia kuliko kurasa za biashara. Nitakifikia.

Mwenye nyumba

Ukweli ni kwamba wengi wetu hatumiliki kompyuta zetu. Tulinunua chuma na plastiki. Roho ya mashine tumepangishwa. Na mwenye nyumba huyu ana desturi zake. Huingia apendapo. Huhamisha viti. Hubandika matangazo ukutani mwako. Siku nyingine uko katikati ya kazi ya haraka, hukuambia utoke nje kidogo kwa kuwa anapaka rangi, na rangi yenyewe hukauka baada ya nusu saa. Anayeiweka Windows 11 ya matumizi ya nyumbani hutakiwa kwanza awe na intaneti na ajiandikishe akaunti kwa kampuni, kana kwamba hata kuingia katika kompyuta aliyoilipia ni lazima abishe hodi. Na siku ya kufukuzwa ikifika, hupewi sababu ya kueleweka. Huambiwa tu kwamba nyumba imezeeka.

Sisemi kwamba Windows ni mfumo mbaya. Nimeutumia miaka mingi na mkate nimeulia humo. Nasema tu kwamba si wangu.

Linux nayo ni nini? Kila kompyuta ina mfumo wa kuiendesha, yaani ile programu kuu inayoamsha mashine na kuzisimamia programu nyingine zote. Windows ni mmoja, na Linux ni mwingine. Tofauti kubwa imo katika mapishi. Programu ya kawaida ya kuuzwa ni kama pilau iliyofunikwa: wala, washiba, lakini viungo hukuambiwa, na ukimwonjesha jirani umevunja sheria. Linux ni pilau uliyoletewa pamoja na mapishi yake. Waweza kuila tu na kunyamaza, kama wafanyavyo wengi, au waweza kupunguza chumvi na kumpelekea jirani sahani.

Chanzo cha mambo haya kilikuwa mashine ya kuchapisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Stallman, mtaalamu wa programu katika chuo cha MIT kule Marekani, alikuwa akisumbuliwa na printa iliyokwama karatasi mara kwa mara. Printa iliyotangulia aliwahi kuibadilishia programu ili iwaarifu watu kila inapokwama. Hii mpya, waliyopewa na kampuni ya Xerox, ilikuja bila mapishi. Akamwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nayo. Akanyimwa, kwani yule alikuwa ametia saini kwamba hatayatoa. Watu wengine wangenung'unika na kurudi kazini. Stallman alitangaza mwaka 1983 kwamba ataunda mfumo mzima ulio huru, akauita GNU, na mwaka 1989 akaandika leseni ambayo kwa kifupi yasema hivi: tumia, chunguza, badilisha, gawa, ila unayemgawia naye awe na haki hizo hizo.

Mfumo wake ulikuwa na karibu kila kitu ila kiini. Kiini kililetwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, ambaye mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 21, aliutangazia ulimwengu kazi yake ya kujifurahisha na kuomba maoni. Mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya Stallman. Tangu hapo maelfu ya watu, wengine wa kulipwa na wengine wa kujitolea, wamekuwa wakiongeza kila mmoja tofali lake. Wazungu walistaajabu sana kwamba kitu kikubwa kinaweza kujengwa namna hiyo. Sisi hapa tulikuwa tukijenga shule na zahanati kwa harambee kabla Torvalds hajazaliwa.

Ati ni ya bure?

Nilipowaeleza rafiki zangu, la kwanza waliloniambia ni kwamba kitu cha bure hakina maana. La ajabu ni kwamba nusu ya waliosema hivyo hawajawahi kuilipia Windows hata senti moja. Waliwekewa na fundi au mpwa, kutoka flashi iliyopita mikono ishirini, pamoja na kijiprogramu cha kuvunja kufuli. Wapo mafundi wanaoweka mifumo hiyo mchana kweupe, na sisi twawalipa, na wala hatuoni haya. Mtoto akiiba penseli darasani twamwita mwizi. Akijifunza kompyuta kwa programu ya wizi twamwita hodari.

Tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Waandishi na wanamuziki wetu hulia kila mwaka kwamba kazi zao zaibwa, nami nalia pamoja nao. Lakini kilio cha mwandishi kina uzito gani ikiwa ameuandika muswada wake kwa programu aliyoiiba? Nililiwaza hili kwa aibu, kwani nami nilikuwa mmoja wao kwa muda mrefu. Tena vijiprogramu vile vya kuvunja kufuli mara nyingi huja na wageni wengine ndani yake, virusi na wapelelezi wa nywila, na mwenye kompyuta hana wa kumshtaki.

Kuhusu ubora sitasema mengi. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa zenye nguvu kuliko zote duniani huendeshwa kwa Linux. Na wewe unayedai kwamba Linux ni ya wataalamu tu, ikiwa mfukoni mwako mna simu ya Android basi unatembea na kiini cha Linux tangu asubuhi, maana Android imejengwa juu yake.

Siku ya kuhama

Linux huja kwa aina nyingi, kama vile unga ule ule ukapikwa chapati, mahamri na maandazi. Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth alianzisha mwaka 2004 aina iitwayo Ubuntu, neno ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa, kwa kuwa ni utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakituma sidii zake kwa posta hadi popote duniani bila malipo. Mimi nilichagua Linux Mint, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mfaransa Clement Lefebvre juu ya msingi wa Ubuntu, kwa sababu sura yake yafanana na Windows za zamani nilizozizoea, na mzee hapendi kutafutafuta kitufe.

Nilipakua faili lake, karibu gigabaiti tatu, nikaliandika katika flashi kwa programu maalumu. Hapa pana jambo ambalo watu hawalijui: unaweza kuiwasha kompyuta kwa flashi ile na kuujaribu mfumo mzima bila kuigusa diski yako. Ukiuchukia, wachomoa flashi, wawasha upya, na Windows yako iko pale pale. Nilijaribu hivyo siku mbili. Siku ya tatu nikanakili picha na maandishi yangu yote katika diski ya nje (usithubutu kuruka hatua hii, hata kama ni fundi anayekufanyia) na nikaubonyeza ule ukubali wa mwisho kwa moyo unaodunda. Haikumaliza nusu saa.

Nisiseme uongo kwamba mambo yote yalikuwa shwari. Intaneti ya waifai haikushika. Nilihangaika jioni nzima, nikakaribia kumpigia yule fundi simu na kumwambia ameshinda. Mwisho nikaunganisha simu kwa waya ili mashine ipate intaneti kupitia humo, na hapo ikajitafutia programu ya kuendeshea kile kifaa cha waifai, na tangu siku hiyo haijasumbua. Printa nayo, niliyoiogopa zaidi, nilichomeka waya na ikachapisha kabla sijaomba.

Maandishi yangu sasa nayaandika kwa LibreOffice. Ni nzuri, lakini uitambue tabia yake. Ukimtumia mtu faili la Word lenye majedwali mengi, huenda jedwali likasogea au mstari ukarukia ukurasa wa pili. Sababu moja ni herufi. Calibri, kwa mfano, ni mali ya Microsoft, nayo LibreOffice huweka badala yake herufi nyingine za vipimo vile vile. Mara nyingi huoni tofauti, mara nyingine waiona. Dawa yangu ni kutuma PDF kwa mtu anayesoma tu, na kwa anayehitaji kuhariri huipitia tena kurasa kwa kurasa. Lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ambalo watu hutishwa nalo, nimelifungua labda mara nne tangu nihamie.

Wapo ambao siwashauri wahame. Mpiga picha za arusi anayeishi kwa Photoshop, mchoraji wa majengo wa AutoCAD, mhasibu ambaye programu ya ofisi yake ni ya Windows tu: kampuni zinazotengeneza Photoshop na AutoCAD hazikutoa za Linux, na kumwambia mtu aache chombo kinachomlisha ni upuzi. Huyo na abaki, au awe na mashine mbili.

Wala si kila aliyehama hakurudi. Mji wa Munich nchini Ujerumani uliamua mwaka 2003 kuhamisha kompyuta za baraza lake, na kufikia mwaka 2013 ulikuwa umehamisha karibu 15,000. Mwaka 2017 madiwani walipiga kura kurudi Windows. Wapo waliosema ni kwa sababu ya manung'uniko ya wafanyakazi, na wapo waliosema ni siasa; mimi nadhani yote mawili yalikuwamo. Hata hivyo jimbo la Schleswig-Holstein katika nchi hiyo hiyo lilitangaza mwaka 2024 kwamba litahamisha kompyuta zipatazo 30,000 za serikali yake, na sababu waliyoitanguliza ni kutaka mamlaka juu ya kazi zao wenyewe. Wajerumani wanajua kupiga hesabu. Kama na wao wameona ni vibaya kuwa mpangaji, si aibu nasi tukaliona.

Nani ataandika maneno yetu?

Sasa nimefika pale nilipoahidi.

Siku ya nne nilifungua mipangilio ya lugha nikaongeza Kiswahili, nikawasha upya. Msomaji, sikutegemea kwamba ningefurahi vile. Menyu ikanijia kwa lugha ya mama. Faili, Hariri, Tafuta, Msaada. Nikamwita mke wangu aje aone. Lakini furaha haikudumu. Nilipofungua dirisha la pili, nusu ya maneno ilikuwa Kiswahili na nusu Kiingereza, yamekaa pamoja kama wageni wa arusi mbili waliokosea ukumbi. Dirisha la tatu lote lilikuwa Kiingereza.

Kazi hii ilianzwa vizuri. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiwa na Waswidi, walifanya mradi ulioitwa Kilinux, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mzazi wa hii LibreOffice niitumiayo. Walikaa wakabishana juu ya istilahi, wakaandika faharasa, wakaonyesha kwamba yawezekana. Lakini programu hukua kila mwezi. Maneno mapya huja kila mwezi. Asipokuwapo wa kutafsiri, Kiingereza hujaza pengo, na baada ya miaka kumi pengo limekuwa kubwa kuliko ukuta.

Kuna atakayesema kwamba Microsoft nao waliwahi kutoa Windows kwa Kiswahili. Ni kweli, na nawashukuru. Lakini lugha hapo ni hisani ya mwenye nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa Iceland, taifa la watu wasiofika 300,000 wakati huo, waliiomba kampuni hiyo Windows kwa lugha yao. Walikataliwa kwanza, soko lao likionekana dogo mno. Ikabidi serikali yao ibishane hadi mwaka 1999 ndipo wakakubaliwa. Kiswahili kina wasemaji wengi kupita hao mara nyingi sana, lakini neno likikosewa ndani ya Windows mimi na wewe hatuna la kufanya. Katika Linux, neno likikosewa, kosa ni letu, kwa sababu mlango wa kulirekebisha uko wazi kwa kila mtu mwenye kompyuta na subira.

Na hapo ndipo ninapokasirika na sisi wenyewe. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Vyuo vyetu vina idara za Kiswahili. Tumeshindana kwa miaka mingi kama mashine hii iitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Makongamano yamefanywa, chai imenywewa, posho zimelipwa. Wakati huo huo ndani ya tarakilishi yenyewe kuna maelfu ya sentensi zinazongoja mtafsiri, nazo hazitaki kongamano. Mwanafunzi mmoja wa shahada, badala ya kuandika tasnifu ya kuchambua istilahi ambazo hakuna azitumiaye, angeweza kutafsiri programu moja nzima, na watoto wa darasa la nne wa Lamu na wa Kakamega wakaitumia kabla hajahitimu.

Mimi si mtaalamu, lakini nimeanza. Nilijisajili, nikapewa orodha, na usiku nikimaliza habari natafsiri sentensi kumi, siku nyingine tano. Nyingi ni rahisi. Nyingine humtoa mtu jasho. Kile kitendo cha kurudisha nyuma jambo ulilolifanya, Wadar waliita kutendua, neno zuri la kwetu kabisa, nami nililiacha lilivyo. Lakini kuna sentensi moja inayomwonya mtumiaji kwamba diski inakaribia kujaa, na nimeiandika mara tatu nikaifuta mara tatu, kwa kuwa kila mara yatoka kama tangazo la mkuu wa wilaya.

Juma lililopita nilipita kwa yule fundi kununua waya. Rafuni pake palikuwa na laptopu mbili za kizazi cha tano, safi, zimepanguswa vumbi. Akainamisha kichwa kidogo, akaniambia kwamba ameziwekea ile Linux yangu, na moja imekwisha kutakwa na mwalimu wa shule ya msingi. "Lakini mzee," akasema, "ataniuliza mambo mengi. Niandikie karatasi ya maelezo nimpe, ya Kiswahili, hatua kwa hatua." Nimefika ukurasa wa tatu, na waifai bado sijaigusa.